Yaliyopita, kwa Kiingereza

Tarehe 9 Agosti 1904, huko Naivasha, viongozi wa Wamaasai walitia alama zao kwenye mkataba ulioandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Upande wa pili wa meza alikuwapo Sir Donald Stewart, kamishna wa himaya. Reli ilikuwa imeshapita Nakuru miaka minne kabla, walowezi waliitamani ardhi ya kando yake, na kwa karatasi hiyo Wamaasai walikubali, kama neno kukubali linafaa hapo, kuyaacha malisho ya Bonde la Ufa la kati. Wengine wakaenda Laikipia, wengine kusini. Mkataba uliahidi kudumu kadiri Wamaasai watakavyokuwapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawatoa Laikipia pia, na walipokwenda kushtaki, kesi ya Ole Njogo ilitupwa mwaka 1913: majaji walisema mikataba ile ilikuwa ya dola na dola, na mahakama ya kawaida haina la kusema juu yake.

Wengi wetu tulikutana na wakati uliopita wa Kiingereza darasani, kwenye orodha ya go, went, gone. Nakuru ilikutana nao mapema zaidi, kwenye makaratasi ya aina hii. Ni wakati wa ushahidi: nani alikaa wapi, nani alimpa nani nini, nani alimpiga nani. Katika nchi ambayo ushahidi uliandikwa kwa Kiingereza, kukosa wakati huo kulikuwa ni kukosa kusikika, na kuupata kukawa jambo la kupigania.

Tazama tofauti ndogo. Kwa Kiingereza mtu akisema "we lived here" amesema mawili kwa pamoja: kwamba aliishi hapo, na kwamba haishi tena. Akisema "we have lived here" mlango bado u wazi. Pengine amesimama papo hapo anaposemea. Kiswahili kina -li- na -me-, na mwalimu mwenye haraka atakwambia -li- ni "lived" na -me- ni "have lived", mambo yakaisha. Hayaishi. Sokoni Nakuru mtu akisema "nimemwona jana" hakuna atakayegeuza shingo. "I have seen him yesterday" ni kosa, na Mwingereza hulisikia papo hapo, kwa sababu katika lugha yake siku iliyokwisha na kutajwa, iwe jana, Jumatatu au 1904, haikai nyumba moja na "have". Ukitaja siku, sharti useme "I saw him". Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya wakati uliopita sahili: kitendo kimekwisha, na saa yake inajulikana, ama imetajwa ama msikilizaji anaielewa.

Jambo hilo lilikuwa na uzito wake mwaka 1932, serikali ya Uingereza ilipounda tume ya ardhi ya Kenya chini ya Sir Morris Carter. Ripoti ilitoka 1934, pamoja na mabuku mazito ya ushahidi. Waafrika wengi waliofika mbele ya tume walisema kwa lugha zao au kwa Kiswahili. Mkalimani akasikiliza, na kilichobaki kwenye kumbukumbu ni Kiingereza. Wazee wa Kikuyu walieleza, kwa mfano, jinsi mababu zao walivyonunua mashamba ya Kiambu kutoka kwa Wandorobo. Hapo pana jambo ambalo mkalimani hodari kiasi gani asingeweza kulivusha. Mkikuyu hana "walinunua" moja. Makũgũrire ni leo hii. Maragũrire ni jana, au siku chache hivi. Maagũrire ni zamani. Mzee akilitamka hilo la tatu, sarufi yenyewe imeshaapa kwamba ununuzi ule ni wa kale. Kwa Kiingereza yote matatu huwa "bought", neno linalofaa kwa shamba la mwaka 1850 na kwa mkate wa asubuhi.

Wanandi na Wakipsigis hugawa vivyo hivyo, kwa viambishi ka-, ko- na ki-: leo, jana, kale. Mjaluo naye ana vijineno vyake vya kutenga jana na juzi. Hawa ndio watu waliokuja kuujaza mji wa Nakuru na mashamba yake, wakiletwa na reli, na vibarua, na baadaye na viwanja vya kununua. Kwa hiyo mtoto wa Bonde la Ufa hakuwahi kwenda shuleni bila kujua wakati uliopita ni nini. Alikwenda na nyakati zilizopita tatu mfukoni, akaambiwa azirudishe nyumbani achukue moja. Kiswahili chenyewe, lazima tukiri, kiko upande wa Kiingereza katika hili. -li- yetu haijali kama ni jana au ni enzi za Mreno. Tunaongeza "jana", tunaongeza "hapo kale", kama wao.

Kabla ya kuipata hiyo moja, ilibidi kwanza aruhusiwe. Mashamba ya Njoro, Molo, Subukia na Solai yalikuwa na maelfu ya maskwota, familia zilizolima na kufuga kwenye ardhi ya mlowezi nao wakimlipa kwa kazi. Bwana hakuhitaji wajue Kiingereza. Mwaka 1936 Luteni Kanali F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao, na ukitaka kujua uhusiano wa watu fulani, angalia wanafundishana vitenzi vya namna gani. Kisetla, Kiswahili cha mashambani, kilikuwa lugha ya amri: lete, ngoja, piga maji, toka. Amri haina wakati uliopita. Anayeamriwa haulizwi jana iliendaje. Na Mwafrika aliyethubutu kumjibu mlowezi kwa Kiingereza safi alihesabiwa kuwa na kiburi.

Wazazi waliliona hilo bila kuhitaji mtaalamu. Baada ya Wakikuyu kugombana na misheni juu ya tohara ya wasichana mwaka 1929, shule zao huru zilianza kuchipuka, na zilifika hadi kwa maskwota wa Bonde la Ufa. Serikali na misheni walipendelea madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha za nyumbani au Kiswahili. Shule huru zilitaka Kiingereza, na zilikitaka mapema. Watu waliojenga shule hizo kwa mikono yao hawakuwa wakiidharau lugha ya mama. Walikuwa wameona barua zipi hujibiwa na zipi hutupwa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule nyingi za namna hiyo zilifungwa, na zilizobaki zikawekwa chini ya bodi za elimu za wilaya.

Mtu mmoja wa huku anatosha kuonyesha walichokuwa wakikitafuta. Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa 1929 Kabatini, si mbali na Nakuru mjini, katika familia ya maskwota. Alisoma kwa kukatizwa-katizwa, akafika hadi King's College Budo, Uganda. Mwaka 1953, akiwa amefungua hoteli Nakuru, alikamatwa kwa ajili ya Mau Mau, akazungushwa kizuizini kambi baada ya kambi, Manyani ikiwamo, hadi 1960. Huko ndani aliandika. Barua zilitoroshwa nje, nyingine zikafika kwa wabunge wa London, zikieleza wafungwa walitendwa nini. Wafungwa walifundishana kusoma na kuandika, naye alikuwa miongoni mwa waliopanga masomo hayo. Mwaka 1963 Oxford University Press ilichapisha kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizini, Mau Mau Detainee. Miaka 12 baadaye, Machi 1975, akiwa mbunge, aliuawa.

Anayeandika barua ya namna ile hukumbana na kitu cha ajabu katika Kiingereza. Vitenzi anavyovihitaji zaidi ni vile visivyobadilika. Hit, cut, hurt, shut, put: sasa na zamani ni sura moja. Beat nayo pia. "They beat us" inaweza kuwa jana, inaweza kuwa kila siku. Asipotaja tarehe, msomaji wa London anaweza kusoma tabia mahali palipo na tukio, na tabia haina mshtakiwa. Sababu ya ububu huo ni ya kisauti tu: vitenzi vingi vya kundi hili huishia na t, na kiambishi cha zamani, nacho kikiwa t au d, kilimezwa humo karne nyingi zilizopita. Beat ilikuja kwa njia nyingine, sura zake mbili za kale zikakaribiana hadi zikawa moja. Wafungwa wa Manyani hawakuwa na haja ya kulijua hilo. Tarehe, kwa vyovyote, ilibidi waiweke.

Na hapa inafaa tuhame Bonde la Ufa kidogo, twende kwa wenye lugha, kwa sababu orodha iliyowatesa watoto wa Kenya nayo ina historia.

Kiingereza cha kale, cha enzi za mfalme Alfred katika karne ya 9, kilikuwa na njia mbili za kuunda wakati uliopita. Moja ilikuwa kugeuza irabu ya katikati: sing ikawa sang, drive ikawa drove. Ya pili ilikuwa kuongeza mkia wenye d au t, ambao ndio -ed ya leo. Mjerumani Jacob Grimm, huyu huyu wa hadithi za watoto, aliviita vya kwanza vitenzi vyenye nguvu na vya pili vitenzi dhaifu, katika sarufi yake iliyoanza kutoka 1819. Majina yalimcheka mwenyewe, maana vilivyoshinda ni vile dhaifu. Help zamani ilikuwa healp; leo ni helped. Climb ilikuwa na clomb. Leo ni climbed. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard walivifuata vitenzi 177 vya kugeuka vya Kiingereza cha kale: katika Kiingereza cha kati 145 vilikuwa bado vinageuka, na leo ni 98. Waligundua pia kwamba kitenzi kinachotumiwa mara nyingi hukaa na sura yake ya kale, na kinachotumiwa mara chache husahauliwa, watu wakakibandika -ed. Ndiyo sababu go, come, see, eat, give na take, vya kila siku, ndivyo vilivyo vikorofi zaidi.

Went ni kisa peke yake. Haikuzaliwa na go. Ni wakati uliopita wa kitenzi kingine, wend, chenye maana ya kwenda zako. Go ilikuwa na wakati wake uliopita, eode, ukafa kufikia karne ya 15, na went ikahamia kwenye nyumba ya jirani. Catch nayo ilitoka kwa Wafaransa wa kaskazini, ikapaswa kuchukua -ed kama wageni wote, ikaiga wenyeji ikawa caught. Kwa hiyo mtoto wa Nakuru anayeandika "catched" au "teached" na kuchapwa wino mwekundu anafanya kile kile ambacho Waingereza wenyewe walifanya kwa help na climb. Wao walipewa miaka elfu, naye hadi mwisho wa muhula.

Hata -ed haikukaa kimya. Zamani ilitamkwa silabi nzima. Baadaye irabu yake ikadondoka, na mwaka 1712 Jonathan Swift, mwandishi wa safari za Gulliver, alilalamika hadharani kwamba watu wanakatakata vitenzi na kurundika konsonanti ngumu. Alishindwa. Leo -ed ina sauti tatu: t katika "walked", d katika "lived", na silabi kamili baada ya t au d tu, kama "wanted" na "needed". Wenye lugha za Kibantu, ambao silabi zao hupenda kufungwa na irabu, huipa irabu popote, na "asked" ikawa kama "askedi". Sikioni kwangu Swift angefurahi.

Sasa turudi. Mfumo uliofuata ripoti ya elimu ya Beecher ya 1949 ulimpa mtoto wa Kiafrika miaka minne ya mwanzo, kisha mtihani wa mchujo, na wengi waliishia hapo, wakiwa wameonja Kiingereza kwa ncha ya ulimi. Mabadiliko yalianza 1957, Wizara ya Elimu ilipoanzisha kituo maalum Nairobi cha kujaribu kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Walianza na watoto wa Kihindi, ambao darasa moja lilikuwa na lugha za nyumbani nne au tano, na kufikia 1961 madarasa ya Kiafrika yakaingia. Vitabu viliitwa Peak. Mafunzo yalikuwa ya mdomo na vitendo: mwalimu anafungua dirisha, anasema anachofanya, anaketi, kisha anauliza amefanya nini. Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ikaibariki njia hiyo kwa taifa huru. Inachekesha kidogo kwamba matakwa ya shule huru zilizofungwa 1952 yalitimizwa na serikali kwa jina lingine.

Gharama yake imesimuliwa vizuri zaidi na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Limuru miaka ya hali ya hatari. Katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, ameeleza jinsi kidude kilivyopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto, kila aliyenaswa akisema lugha ya mama akikipokea, na jioni aliyekuwa nacho akiadhibiwa baada ya kumtaja aliyempa. Desturi hiyo ilienea Kenya nzima, na ilidumu miaka mingi baada ya bendera kushushwa. Mtu wa Nakuru aliyesoma miaka ya 1970 au 1980 anaijua kwa jina la "diski". Mimi naona haikufundisha Kiingereza. Ilifundisha kunyamaza, na kupeleleza.

Kilichofundisha, kwa uzuri na ubaya wake, ni mtihani. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilianza 1985 pamoja na mfumo wa elimu wa 8-4-4, na insha yake ya Kiingereza ilikuwa ya dakika 40 na alama 40. Insha hiyo ilikuwa karibu kila mara ni kisa, na kisa huenda kwa wakati uliopita. Hapo ndipo -ka- yetu ilipoleta mambo. Kwa Kiswahili tunafungua kwa -li- mara moja, kisha -ka- inabeba safari yote: niliamka, nikanawa, nikala, nikatoka. Wakati umeshatajwa, hakuna haja ya kuurudia. Mtoto akiuhamisha utaratibu huo kama ulivyo anaandika "I woke up and wash my face and go", na kila kitenzi baada ya cha kwanza ni kosa. Kiingereza hudai ada yake mlangoni kwa kila kitenzi: woke, washed, went.

Halafu kinabadili sheria ghafla kwenye swali na kanusho. Hapo "did" inaubeba wakati peke yake na kitenzi kinarudi uchi: "did you go", "I didn't go". Wakati wa Shakespeare mtu aliweza bado kusema "went you not", lakini "did" ilikuwa inasambaa tangu karne ya 16, na ikashinda. "I didn't went" ndilo kosa ambalo walimu wa Nakuru wamelisahihisha zaidi pengine kuliko jingine lolote, na lina mantiki yake: anayelisema anaona jambo limepita, kwa hiyo anaweka alama pande zote mbili, asidhaniwe vingine. Was na were hazihitaji "did" hata kidogo. Stop huongeza p ikawa stopped, study hugeuza y ikawa studied, lakini play haigeuzi, kwa sababu y yake inatanguliwa na irabu.

Ukipita leo jioni katika Section 58, kando ya barabara kuu ya Nairobi, utakuta masomo haya yanaendelea mezani, katika fleti na nyumba zenye geti, kati ya chai na taarifa ya habari. Nakuru imekuwa jiji tangu 1 Desemba 2021, KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na mtoto wa mtaa kama huu mara nyingi baba ni Mkalenjin na mama Mkikuyu, au kinyume, na nyumbani wanasema Kiswahili. Zile nyakati tatu za bibi zimebaki kwa bibi. Mtoto ana -li- moja na -ed moja, na kwake "I have seen him yesterday" haitoki Kikuyu wala Kikalenjin. Inatoka Kiswahili cha hapo nje. Mwalimu wa tuisheni anayejua kazi yake haanzi na orodha. Anamuuliza lini. Mtoto akijibu "jana", anaambiwa basi "have" haina kazi hapa, iache. Swali hilo moja la "lini" huokoa alama nyingi kuliko vitenzi mia vilivyoimbwa.

Mahakamani Nakuru swali ni lile lile. Lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili. Shahidi wa Olenguruone akisema kwa Kikalenjin, mkalimani asiyeisikia tofauti ya ko- na ki- atampa hakimu "he came" tupu, na wakili mjanja atalishika hapo hapo: alikuja lini? Shahidi alikuwa ameshajibu. Mkalimani mzuri huongeza "yesterday" au "long ago" mwenyewe, bila kungoja kuulizwa.

Kuhusu orodha yenyewe, haijafungwa. Learnt au learned, burnt au burned, dreamt au dreamed: vitabu vya Kenya vilivyofuata Uingereza vilipendelea t, simu za watoto zinafuata Marekani na kupigia mstari mwekundu kile kile ambacho mwalimu amekipa vema. Wamarekani wenyewe, kwa upande mwingine, wameitoa sneaked kwenye njia ya kawaida na kuifanya snuck, kitenzi dhaifu kikajifanya chenye nguvu katika karne ya 19. Walimu ninaowajua huku wanakubali learnt na learned, zote mbili, ila si katika insha moja.